Herufi 232 za nyambizi U-264, na mashine iliyofumbuliwa na mwigo wake

NCZW VUSX PNYM INHZ XMQX. Ndivyo unavyoanza ujumbe mmoja wa redio uliorushwa na nyambizi ya Kijerumani katika Atlantiki ya Kaskazini mwezi Novemba 1942. Una herufi 232, zimepangwa nne nne. Waingereza waliunasa, wakauandika, na hapo ukakwama. Mwaka 1995 mwanahistoria Ralph Erskine aliuchapisha pamoja na mingine miwili katika jarida la Cryptologia, kama mifano ya ujumbe ambao bado haujafumbuliwa. Ikapita miaka kumi na ushei. Tarehe 20 Februari 2006 ujumbe wa kwanza ukafunguka, na mashine iliyoufungua haikuwa na gurudumu la chuma wala taa hata moja. Ilikuwa Enigma ya programu, yaani mwigo wa mashine ambayo Wajerumani waliitumia kufumba ujumbe wao, ikizunguka ndani ya kompyuta za watu waliojitolea.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushindi wa wingi wa kompyuta. Wingi ulisaidia, sikatai. Lakini kinachonivuta mimi ni uaminifu wa ule mwigo. Kila kompyuta ilipaswa kutenda sawasawa na kisanduku kilichokuwa mezani kwa mwendesha redio wa nyambizi ile, hadi kasoro zake. Na katika jibu lililopatikana kuna herufi nne, AAAV, ambazo watu huzinakili bila kuzitazama vizuri. Nitazirudia, maana ndizo zilizonifanya niandike.

Kwa sura, Enigma inafanana na taipureta ndogo ndani ya sanduku la mbao. Ukibonyeza kitufe, umeme hupita kwanza kwenye ubao wa plagi ulio mbele, huingia kwenye magurudumu, hufika kwenye kirudishi kilicho mwisho upande wa kushoto, hurudi kupitia magurudumu yaleyale kwa njia nyingine, hupita tena kwenye plagi, kisha huwasha taa ya herufi tofauti. Ndani ya kila gurudumu kuna nyaya 26 zilizovurugwa. Gurudumu la kulia husogea hatua moja kila unapobonyeza, kabla umeme haujapita, kwa hiyo ukibonyeza A mara tano mfululizo, kila mara njia ya umeme inakuwa nyingine. Kwa sababu ya kirudishi, mashine hiyohiyo hufumba na kufumbua: A ikitoa Q, basi Q katika mkao uleule hutoa A. Na kwa sababu hiyohiyo hakuna herufi inayoweza kujitoa yenyewe.

Nyambizi za Atlantiki zilihamia kwenye aina ya M4, yenye magurudumu manne, tarehe 1 Februari 1942. Matatu kati ya hayo yalichaguliwa kutoka seti ya manane na kupangwa kwa mfuatano: njia 336. La nne, jembamba, lilikuwa Beta au Gamma. Kirudishi nacho kilipunguzwa unene ili vyote viwili vienee mahali palipokuwa pa kirudishi cha zamani, nacho kilikuwa B au C. Jumla unapata namna 1,344 za kuipanga mashine, na kila namna ina mikao 456,976 ya kuanzia. Zidisha: 614,175,744. Baada ya hapo ndipo unapofika kwenye ubao wa plagi, ambako nyaya 10 huunganisha herufi mbili mbili kwa njia zaidi ya trilioni 150.

Waingereza waliupa mtandao huo wa redio jina la Shark, papa. Papa huyo aliwatia gizani miezi kumi. Mashine zao za kutafuta ufunguo zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya magurudumu matatu. Gurudumu la nne liliongeza kazi mara 26.

Giza lilianza kutoka kwa njia isiyohusu hesabu hata kidogo. Tarehe 30 Oktoba 1942, mashariki mwa Bahari ya Kati, manowari ya HMS Petard na wenzake waliilazimisha nyambizi U-559 kuibuka. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea hadi kwenye nyambizi iliyokuwa inazama, wakaingia ndani, wakatoa vitabu. Kijana Tommy Brown, aliyekuwa mhudumu wa kantini melini, aliwasaidia kuvipokea. Nyambizi ikazama na Fasson na Grazier ndani yake, Brown alinusurika. Kimojawapo cha vitabu hivyo kilikuwa cha vifupisho vya taarifa za hali ya hewa, na kwenye taarifa hizo gurudumu la nne liliwekwa mahali ambapo M4 hutenda kama mashine ya zamani ya magurudumu matatu. Hapo zile mashine za Bletchley Park, kituo cha wavunja mafumbo wa Uingereza, zikawa na la kushika. Tarehe 13 Desemba 1942 Shark ilianza kusomeka tena. Ujumbe wetu ulirushwa kabla ya siku hiyo.

Niseme jambo moja kwa wasomaji wa Mombasa. Novemba hiyohiyo ya 1942, wavunja mafumbo wa Uingereza waliokuwa wamehamishiwa Kilindini, katika jengo la shule ya Allidina Visram, walifanikiwa kuisoma JN-40, fumbo lililotumiwa na meli za biashara za Japani. Halikuwa fumbo la mashine, na halihusiani na nyambizi zetu. Lakini pwani yetu ilikuwemo katika kazi hii, na inasikitisha kwamba wengi wanaopita nje ya jengo lile hawajui.

Turudi kwa zile herufi 232. Mwanzoni mwa 2006 Stefan Krah, mpiga fidla mzaliwa wa Ujerumani aliyependa mafumbo na programu huria, aliandika programu ya kuushambulia ujumbe ule na kuwaalika watu kwenye intaneti waichukue. Kompyuta moja kuu iligawa kazi: wewe chukua mpangilio huu wa magurudumu, yule achukue ule. Kompyuta ya kila aliyejitolea ilifanya kazi kwa muda ambao mwenyewe haitumii, kisha ikarudisha alama bora iliyoipata. Mradi ukaitwa M4.

Ndani ya kila kompyuta kulikuwa na mashine mbili za fikra. Ya kwanza ni Enigma yenyewe: jedwali la nyaya za kila gurudumu, na kanuni za nani anamsukuma nani. Ya pili ni mpimaji. Mpimaji huyo hakujua Kijerumani, na hakuhitaji kukijua. Alihesabu tu. Katika mfuatano wa herufi uliovurugwa kabisa, ukichukua herufi mbili bila kuchagua, uwezekano wa kwamba zinafanana ni kama 0.038. Katika Kijerumani cha kweli ni karibu mara mbili ya hapo, maana herufi kama E na N hujirudia sana. Kwa hiyo unaiweka Enigma katika mkao mmoja, unapitisha ujumbe, unapima kilichotoka: je, kinaegemea lugha au kinaegemea vurugu?

Mtu anaweza kuuliza plagi zile trilioni 150 zilikwenda wapi. Hapa ndipo penye werevu wa njia hii, na si wa Krah peke yake; Jim Gillogly alikuwa ameonyesha mwaka 1995 kwamba Enigma inaweza kushambuliwa kwa kutazama ujumbe uliofumbwa tu, bila kukisia neno lolote lililomo. Plagi hazijaribiwi zote. Unaanza bila plagi hata moja. Unaunganisha A na B, unapima. Alama zikipanda unaacha waya hapo, zikishuka unautoa. Kisha A na C, na kuendelea, ukizunguka tena na tena, kwanza kwa kipimo cha kujirudia kwa herufi, baadaye kwa kupima jozi na tatu tatu za herufi zinavyofuatana katika Kijerumani. Ni kama mtu anayepanda kilima usiku bila taa: hajui kilele kiko wapi, lakini mguu unamwambia kama ardhi inainuka. Magurudumu yakiwa yamekosewa, hakuna kilima, ni tambarare tupu kila upande. Magurudumu yakiwa sahihi, hata plagi mbili au tatu zilizopatikana zinatosha kuinua alama, na zilizobaki zinafuata.

Hii inawezekana kwa sababu plagi huharibu kidogo kidogo. Umepata nusu ya plagi, umepata sehemu ya maandishi. Magurudumu hayana huruma hiyo: umekosea waya mmoja katika jedwali la gurudumu la IV, au gurudumu linasogea herufi moja mapema kuliko linavyopaswa, basi kompyuta zako zote zitazunguka mwezi mzima na kurudi na tambarare. Wala hutajua kama umekosa kwa sababu ujumbe ni mgumu au kwa sababu Enigma yako si Enigma. Ndiyo maana nasema wingi wa kompyuta usingefaa kitu bila mwigo mwaminifu. Kosa moja kwenye mwigo lingesambazwa kwa uaminifu uleule kwa kila aliyejitolea.

Tarehe 20 Februari kompyuta mojawapo ikarudisha alama iliyosimama juu ya nyingine zote. Maandishi yake yalianza hivi: VONVONJLOOKSJ. Yaani kutoka kwa Looks. Kapteni Hartwig Looks ndiye aliyeiongoza U-264. Kwa Kiswahili ujumbe wote unasema hivi:

Kutoka kwa Looks. Telegramu 1132/19, yaliyomo: wakati wa shambulio tumelazimishwa kuzama, mabomu ya chini ya maji. Mahali pa mwisho pa adui, saa 0830, mraba AJ 9863, nyuzi 220, maili 8 za baharini. Ninafuatilia. Milibari 14, inashuka. Upepo kaskazini-kaskazini-mashariki, nguvu 4. Upeo wa macho 10.

Ni ujumbe wa kazi tu. Nyambizi imeona msafara wa meli, imeshambulia, manowari za kusindikiza zimeigeukia na kuidondoshea mabomu, imezama, imeibuka, na sasa inaeleza mahali msafara ulipoonekana mara ya mwisho. Kisha hali ya hewa, kama kawaida. Milibari 14 ni 1014. Tarakimu mbili za mbele ziliachwa kwa kuwa kila mtu alizijua. Mwezi huo U-264 ilikuwa imeizamisha meli ya Kigiriki Mount Taurus, ya msafara wa ONS 144. Nyambizi yenyewe ilizamishwa na manowari za Waingereza tarehe 19 Februari 1944, na mabaharia wake wote 52 waliokolewa. Ukipiga hesabu, ujumbe wa Looks ulifunguka siku moja baada ya mwaka wa 62 wa kuzama kwake. Ni sadfa tu, lakini ilinishtua nilipoiona.

Ujumbe wa pili ulifunguka tarehe 7 Machi 2006. Wa tatu ulisubiri hadi 2013.

Sasa tuje kwenye jibu. Ufunguo uliopatikana ni huu: kirudishi B, magurudumu Beta, II, IV, I, plagi AT BL DF GJ HM NW OP QY RZ VX, pete AAAV, mkao wa kuanzia VJNA. Pete ni ukanda wa herufi unaozunguka gurudumu, ambao unaweza kuuzungusha na kuufunga mahali pengine kabla ya kazi. Jedwali la siku liliamuru kila pete ifungwe wapi. Je, kweli jedwali la jeshi la majini liliamuru A, A na A kwa magurudumu matatu ya kwanza?

Fuata mwendo wenyewe uone. Gurudumu la kulia ni la I, na linamsukuma jirani yake linapotoka Q kwenda R. Limeanza A, kwa hiyo linasukuma kwenye herufi ya 17, kisha kila baada ya 26: ya 43, ya 69, hadi ya 225. Ni mara tisa katika herufi 232. Gurudumu la kati limeanza N. Hatua tisa zinalifikisha W. Hilo ni la IV, na pengo lake la kusukuma liko J. Halikulifikia. Maana yake, katika ujumbe wote huu gurudumu la II halikusogea hata hatua moja, na la nne kwa kawaida halisogei kabisa. Kwa gurudumu lililosimama, kuzungusha pete na kubadilisha herufi ya kuanzia ni mamoja: ukisogeza vyote viwili kwa kiasi kilekile, nyaya zinabaki palepale. Ujumbe hauwezi kukuambia pete ilikuwa wapi. La kati nalo lina uhuru huo, mradi tu lisilifikie pengo lake njiani.

Kwa hiyo zile A tatu ni mahali ambapo programu iliacha pete, kwa kuwa hakukuwa na sababu ya kuzigusa. V, ya gurudumu la kulia, ni habari nyingine. Pete hiyo huamua ni lini hasa jirani anasukumwa, na ukiikosea maandishi yanakatika vipande. V ni ya baharia. V, J na N za mkao wa kuanzia haziwezi kutajwa kuwa zake. A ya mwisho inaweza.

Nimeona mara nyingi ufunguo huu ukiandikwa kama "ufunguo wa U-264 wa siku ile". Ni ufunguo unaotenda sawa na ule. Tofauti hii ni ya haki kabisa kuitaja, kwa sababu anayetaka kuulinganisha na jedwali la siku lililookolewa mahali fulani hatapata AAAV, na anaweza kudhani kuna kosa wakati hakuna.

Lipo jambo la pili ambalo mwendo huu unalifichua, nalo linawahusu wote wanaoandika miigo ya Enigma leo, na ni wengi. Ujumbe wa Looks umekuwa kipimo kinachopendwa cha M4: unaandika programu, unaweka ufunguo ule, unapitisha zile herufi, ukiona VONVON unafurahi. Lakini Enigma ina kasoro moja mashuhuri ya mwendo. Gurudumu la kati likifika kwenye pengo lake, katika kubonyeza kunakofuata linamsukuma la kushoto na lenyewe linasogea pamoja naye, hata kama la kulia halikulisukuma. Linapiga hatua mara mbili mfululizo. Ndiyo sababu mzunguko mzima wa magurudumu matatu una mikao 16,900 na si 17,576. Hatua hiyo haimo katika ujumbe wa Looks, maana gurudumu la kati halikufika J. Mwigo wenye magurudumu yanayosukumana kama tarakimu za mita ya maji utaufumbua ujumbe huu herufi zote 232 bila kasoro, na bado si Enigma.

Kuna uzuri mwingine katika mwigo ulio sahihi. Maandishi yaliyotoka yana majeraha: neno EINS, yaani moja, mahali pamoja limekuwa QNNS, SECHS, yaani sita, imekuwa SEYHS, EINS nyingine imekuwa EKNS. Enigma haisambazi kosa. Herufi moja iliyofumbwa ikikosewa, huharibika herufi moja tu iliyofumbuliwa, kwa kuwa magurudumu husogea kwa kuhesabu mabonyezo na hayajali kilichobonyezwa. Kwa hiyo unaweza kurudi kinyume. Weka mwigo katika mkao wa herufi ile, bonyeza I iliyopaswa kuwepo, na uangalie taa gani inawaka. Hiyo ndiyo herufi ambayo mwendesha redio alipaswa kuirusha. Ilinganishe katika Morse na ile iliyoandikwa na aliyenasa, na unaweza kuanza kupima kama sikio lilikosa nukta moja katika kelele za bahari au kama mkono wa Mjerumani ndio ulioteleza. Huhitaji kugusa mashine ya makumbusho.

Mashine za chuma zina mahali pake, na nisieleweke vibaya. Novemba 2007, Bletchley Park, Colossus, mashine ya Waingereza ya kuvunja mafumbo wakati wa vita, iliyojengwa upya na Tony Sale na wenzake, ilishindana na watu wa nje kufumbua ujumbe wa Lorenz, mashine nyingine ya Kijerumani ya kufumba, uliorushwa kutoka Paderborn, Ujerumani. Joachim Schüth wa Bonn alishinda kwa programu yake mwenyewe: kompyuta yake ndogo ya gigahezi 1.4 ilipata mikao ya magurudumu yote 12 kwa sekunde 46, wakati Colossus ilihitaji zaidi ya saa tatu, baada ya kucheleweshwa na mawimbi mabaya ya redio. Yeye mwenyewe alipiga hesabu kwamba kwa kasi hiyo Colossus ni sawa na kompyuta ya megahezi 5.8, na aliistaajabia kwa mashine ya 1944. Hesabu hiyo ya heshima isingewezekana kama Sale asingejenga kitu cha kulinganisha nacho.

Kama unaandika mwigo wako, basi ongeza kipimo hiki kabla ya kuuamini. Weka magurudumu I, II, III kutoka kushoto, na mkao wa kuanzia ADU. Kama ni M4, la nne liache popote. Bonyeza herufi yoyote mara nne na usome madirisha. Enigma ya kweli huonyesha ADV, AEW, BFX, BFY. Ukiona AEX mahali pa BFX, Looks atakuwa amekusifia mapema.